Siku 42 za BRELA zinaliwa mezani kwako: jinsi ya kusajili dhamana ya mkopo bila kukosea jina wala kupitwa na tarehe

Nianze na simu. Ilikuwa Jumanne ya Januari, saa nne asubuhi, nampigia mzee mmoja mwenye kampuni ya vifaa vya ujenzi Kariakoo. Mkopo tulishampa kabla ya Krismasi, nilikuwa nimebakiza saini yake kwenye karatasi moja tu, ya kusajili dhamana yake BRELA, wale wakala wa serikali wanaosajili makampuni na biashara.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu, za hapo mjini?"

"Nzuri tu. Mzee ile fomu ya BRELA ulishaisaini?"

"Fomu ipi tena? Si nilisaini yote siku ile kwa wakili?"

"Hii nyingine mzee, ya kupandisha kwenye mfumo. Nilimwachia kijana wako pale dukani."

"Aah, mi bado niko Moshi huku, narudi wiki ijayo. Kwani ina haraka?"

Ilikuwa na haraka ndugu zangu. Debencha, yaani hati ya kampuni kuweka mali zake dhamana ya mkopo, ilisainiwa tarehe 10 Desemba, siku ya 42 ambayo ndo mwisho wa kuisajili inaangukia 21 Januari, na siku hiyo napiga simu ilikuwa tarehe 19. Hela ilishatoka zamani, ilishageuka nondo na mabati. Basi nikamtumia ile fomu kwa WhatsApp, akaenda kuiprinti steshenari, akasaini, akaipiga picha na kidole gumba kikiwa kimeziba nusu ya jina lake, nikamwambia arudie, akarudia kesho yake maana steshenari umeme ulikatika, na mwisho wa yote tukaingiza maombi siku ya 42 yenyewe jioni, kontroo namba nikailipia kwa simu yangu kwa hela yangu mwenyewe halafu nikakaa kwenye kiti kama dakika kumi bila kuongea na mtu.

Siku ile ndo nilielewa kitu ambacho nataka nikwambie kwenye uzi huu mzima: siku 42 hazipotei BRELA. Zinapotea kwenye droo ya wakili, kwenye meza yako, kwenye begi la mkurugenzi aliyekwenda kwao. Kwahiyo dawa yake siyo kukimbia sana mwishoni, dawa ni kufanya kazi kubwa KABLA ya mtu kushika kalamu.

Naandika hasa kwa wenzangu wa taasisi ndogo za mikopo, SACCOS, mawakili wanaoanza, na yule ofisa mikopo ambaye ameambiwa "wewe pia utashughulikia dhamana" bila kufundishwa chochote. Mabenki makubwa yana idara nzima ya haya mambo (na bado wanakosea, tutafika huko). Na ninachoongelea hapa ni Tanzania Bara, Zanzibar wana sheria zao na msajili wao.

Sasa kwanza tuelewane chaji ni nini, na siyo ile ya simu. Kampuni ikikopa na kuweka mali zake kama dhamana, iwe mashine, stoo ya bidhaa, madeni inayowadai wateja wake, nyumba au kiwanja, hapo imeweka chaji juu ya hiyo mali. Sheria ya Makampuni, Sura 212, inataka maelezo ya hiyo chaji pamoja na nakala ya hati yake yamfikie Msajili wa Makampuni, yule wa BRELA, ndani ya siku 42 tangu ilipoundwa. Jukumu sheria imeitwisha kampuni iliyokopa, na wasipofanya wanaweza kupigwa faini, lakini mtu yeyote mwenye maslahi anaruhusiwa kusajili, yaani wewe mkopeshaji. Na ni wewe utakayefanya, tusidanganyane, kwasababu mteja akishapata hela yake fomu zako kwake ni kama matangazo ya msiba wa mtu asiyemjua.

Ukichelewa deni halifi. Kwa sheria hela inakuwa inadaiwa papo hapo. Kinachokufa ni nguvu ya dhamana mbele ya mfilisi na wadai wengine, inakuwa batili kwao. Ikitokea kampuni imefilisika, wewe uliyedhani una debencha ya mali zote unajikuta kwenye foleni moja na yule jamaa aliyewakopesha simenti ya milioni mbili kwa mdomo. Na ubaya wa hili kosa ni kwamba halipigi kelele. Mteja akilipa vizuri hutakaa ujue ulichelewa. Utajua siku mambo yameharibika, siku ambayo ndo uliihitaji.

Haya, kuhesabu. Hapa watu wengi wanaanza kuhesabu siku hela ilipotoka, wengine siku walipogonga stempu TRA, wengine siku wakili alipowarudishia faili. Zote siyo. Hesabu inaanza pale hati ilipoundwa, siku ya kusaini. Na maisha halisi unayajua, mkurugenzi wa kwanza anasaini Jumatatu, wa pili yuko Dodoma anasaini Ijumaa, sehemu ya tarehe imeachwa wazi na mtu wa ofisini anakuja kuijaza wiki mbili baadaye kwa kalamu ya rangi nyingine. Mimi sheria yangu binafsi ni moja, nahesabu kuanzia saini ya KWANZA kabisa kwenye hiyo hati, hata kama wakili anasema tunaweza kuhesabu kutoka ya mwisho. Pengine yuko sahihi, ila mi sitaki kwenda kumbishia mfilisi mbele ya jaji kwa ajili ya siku nne ambazo ningeweza tu kutozihitaji.

Angalia na sikukuu. Chukua hati iliyosainiwa 15 Machi, ya 42 ni 26 Aprili, Muungano. Ukisema "ntaingiza siku ya mwisho" utakuwa unaingiza siku nchi nzima imelala, na katikati hapo tarehe 7 Aprili ilikuwa Karume, Pasaka nayo mara nyingi inaangukia humohumo. Mfumo uko mtandaoni ndio, unaweza kuingia saa nane usiku, lakini mkurugenzi wa kusaini hayuko mtandaoni, wakili wa kugonga mhuri hayuko mtandaoni. Desemba ndo mbaya kuliko yote. Kuanzia tarehe 15 hivi mji unahama, wenzetu wanaenda Moshi, Rombo, Bukoba, na ukisaini hati wiki ile jua kabisa siku zako za kweli siyo 42, ni kama 20.

Usisahau pia ile saa ndogo inayotembea ndani ya saa kubwa: ushuru wa stempu. Hati iliyosainiwa hapa nchini inatakiwa ilipiwe ushuru TRA ndani ya siku 30 tangu kusainiwa, na hati ambayo haijalipiwa ushuru ukifika nayo mahakamani haipokelewi kama ushahidi mpaka umalizane nayo. Kwahiyo mtu anayesema "tuna siku 42" tayari amekosea hesabu, ndani ya hizo 42 una 30 tu za stempu, na zote zinaanza siku moja. Mi kwangu dedlaini ya ofisi ni siku ya 14. Siku ya 14 ikipita bado haijaingia, jina langu linakuwa jekundu kwenye Excel ya ofisi na bosi anaiona.

Sasa kazi ya kabla ya kusaini, na hapa nitakaa kidogo maana ndo penye utajiri.

Kitu cha kwanza, mteja akileta tu maombi ya mkopo, muulize kampuni yako iko kwenye mfumo wa BRELA wa mtandaoni? Usimuulize kwa mdomo, mwambie afungue mbele yako. Mfumo huu wa sasa ulianza 2018, na kampuni nyingi za Kariakoo na Gerezani zilisajiliwa miaka mingi kabla ya hapo kwa makaratasi, sasa nyingine mpaka leo hazijahuisha taarifa zake. Utakuta mkurugenzi aliyefariki bado yumo, hisa ziligawanywa kwenye kikao cha familia lakini hakuna aliyepeleka, yale marejesho ya kila mwaka (annual returns) hayajapelekwa tangu enzi hizo, wamiliki manufaa, yaani watu halisi wanaonufaika na kampuni, hawajajazwa. Kampuni ikiwa hivyo ukija kutaka kuingiza chaji unakwama, inabidi kwanza wasafishe nyumba, na kusafisha nyumba kunaweza kula wiki tatu, nne, na kama kuna mirathi ndani yake we acha tu. Fikiria unagundua hayo siku ya 10 baada ya kusaini. Fikiria sasa unayagundua mwezi mmoja KABLA ya kusaini. Tatizo ni lile lile, ila la pili halina presha.

Kitu cha pili, akaunti. Nani anaingia kwenye mfumo? Kwa barua pepe ya nani? Niliwahi kukuta kampuni ambayo akaunti yake ilifunguliwa na kijana wa steshenari fulani pale Mnazi Mmoja kwa barua pepe yake yeye, na simu yake yeye, na kijana alishahama. Sasa maombi yakirudishwa na maoni ya kurekebisha, ujumbe unaenda kwa nani? Unaenda kwa kijana ambaye sasa anauza viatu Mwanza. Hakikisha ujumbe unafika kwa mtu aliyeko, ikiwezekana wawili, mmoja wa kampuni na mmoja wa kwenu.

Kitu cha tatu, fomu isainiwe meza moja na siku moja na hati. Huu ndo ujanja mkubwa kuliko yote niliyojifunza na ulitokana na yule mzee wa Moshi. Mfumo unakutaka ujaze taarifa, halafu unakutolea fomu ya kuprinti, inasainiwa, inaskaniwa, inapandishwa. Watu wengi wanasaini debencha leo, wanajaza mfumo wiki ijayo, halafu ndo wanaanza kumtafuta mkurugenzi upya kwa ajili ya ile fomu. Usifanye hivyo. Andaa kila kitu kwenye mfumo mapema, uache tu tarehe. Siku ya kusaini nenda kwa wakili na laptop, na kama ofisi yake printa inasumbua nenda na ya kwenu kwenye bajaji, mi nimeshafanya hivyo watu wakanicheka. Wakimaliza kusaini hati, jaza tarehe ya leo, toa fomu, printi, mkurugenzi na katibu wa kampuni wasaini hapo hapo soda zikiwa bado mezani. Hakuna wakati mteja anapatikana kirahisi kama dakika kumi kabla ya kupewa hela. Mteja huyo huyo baada ya hela kutoka hapokei simu, na siyo kwamba ni mtu mbaya, ana mambo yake.

Na hapo ndo linaingia suala ambalo litakugombanisha na watu wa mauzo: hela isitoke mpaka maombi yameingia na kulipiwa. Najua. Mteja ana kontena bandarini, gharama za kuhifadhi zinapanda kila siku, meneja anakwambia "we toa tu, usajili utafuata". Kama hiyo imeandikwa na mwenye mamlaka na amesaini, sawa, toa. Kama ni maneno ya kwenye korido, subiri.

Tuje kwenye makosa ya kuandika, maana unaweza kuwahi siku ya tatu na bado ukawa umesajili kitu ambacho siyo.

Jina la kampuni lichukue kwenye cheti cha usajili au kwenye taarifa za BRELA zenyewe. Usilichukue kwenye kichwa cha barua, kwenye mhuri, wala kwenye bango la duka. Mhuri wa mpira unachongwa na fundi wa Mtaa wa Msimbazi aliyeandikiwa jina kwenye kipande cha boksi la sigara, hawezi kuwa chanzo chako cha sheria. Utakuta cheti kinasema "Company Limited" mhuri unasema "Co. Ltd", cheti kina "and" barua ina alama ya "&". Kinachokuokoa ni namba ya usajili ya kampuni. Jina linaweza kubadilishwa, namba inabaki, kwahiyo iandike kila mahali jina linapotokea.

Halafu kuna lile la jina la biashara, jamani. Mtu anakuja na cheti cha BRELA, kizuri, kina nembo, unaona "Traders" au "Enterprises", unaandaa debencha ya kampuni. Ukisoma vizuri ni cheti cha jina la biashara. Jina la biashara siyo mtu mbele ya sheria, ni nguo ambayo mtu ameivaa. Anayekopa ni yeye mwenyewe kwa jina lake la NIDA, na dhamana ya mali zinazohamishika za mtu binafsi haiko kwenye ile rejista ya chaji za kampuni, ina sheria yake nyingine na siku zake nyingine, Sura 210. Nimeona debencha imeandaliwa kurasa 30, imesainiwa, imegongwa mhuri wa "kampuni", kumbe kampuni haipo. Wakili alikuwepo. Ofisa alikuwepo. Mimi nilikuwepo, nilikuwa nimekaa pembeni naweka karatasi stepo.

Majina ya watu nayo. Mohamed, Mohammed, Muhamedi. Hati ya nyumba ya mwaka 1988 inasema hivi, NIDA inasema vile, kadi ya benki inasema kivyake. Usichague lile unaloliona zuri. Weka kama lilivyo kwenye hati ya mali, na tofauti iondolewe kwa kiapo cha majina kinachoambatanishwa, kifanyike kabla, siyo siku Msajili wa Hati akikurudishia.

Viwanja vya Dar vina mtego wake ambao wageni hawaujui. Hati ya zamani ya Goba au Kimara inasema Manispaa ya Kinondoni, leo hii kiwanja kiko Ubungo. Hati ya Kigamboni inasema Temeke. Ilala yenyewe 2021 ikawa Jiji. Kiwanja hakijahama, mipaka ya utawala ndo imehama. Sasa ofisa makini anayejua mji "anarekebisha" anaandika Ubungo kwenye hati ya rehani, na maelezo hayafanani tena na rejista. Andika kama hati inavyosema, neno kwa neno, ukitaka ongeza maneno ya kwamba kwa sasa iko Ubungo. Kitalu na kiwanja navyo vinapishana kirahisi sana, kiwanja 112 kitalu C ukiandika kiwanja 12 kitalu C umeweka rehani nyumba ya jirani ambaye hata mkopo hana.

Kwa magari angalia namba ya chasisi. Ukisoma mitandaoni utaambiwa namba ya chasisi ina herufi na tarakimu 17, na zile ndefu huwa hazina herufi I, O wala Q ili zisichanganywe na moja na sifuri. Sawa, lakini IST na Noah zetu zilizotoka Japani zikiwa zimetengenezwa kwa soko la kule kwao zina namba fupi, kama NCP60, kistari, halafu tarakimu saba. Nimeshaona kijana akiongeza sifuri mbele ili zifike 17 kwasababu fomu ya ofisi ilikuwa na vijumba 17. Hapana. Iandike ilivyo kwenye kadi, halafu toka nje ukaisome kwenye bodi la gari lenyewe.

Namna yetu ya kuhakiki ni ya kizamani na inafanya kazi. Mtu mmoja anashika hati asili, mwingine anashika ile iliyochapwa, wa kwanza anasoma kwa sauti, na namba zote tunazisoma kutoka NYUMA kwenda mbele. Ukisoma kawaida macho yanaona yanachotegemea, ukisoma kinyumenyume inabidi uangalie kila tarakimu. Kiasi cha mkopo kisomwe kwa tarakimu na kwa maneno, maana sifuri moja ya shilingi ni rahisi kupotea na "milioni mia na hamsini" inageuka "milioni kumi na tano" bila mtu kushtuka. Inachukua dakika 15. Wanaoichukia ni wale ambao hawajawahi kuandika barua ya kujieleza.

Nyumba na kiwanja kikiwa ni cha kampuni, kumbuka milango ni miwili. Hili nimeliona likimuumiza mpaka wakili mzoefu. Rehani inasajiliwa kwa Msajili wa Hati, upande wa ardhi, na kwa kuwa mwenye mali ni kampuni inasajiliwa TENA BRELA ndani ya zile siku 42. Watu wanahangaika na ardhi, wakipata hati imegongwa wanafurahi wanafunga faili, kumbe mlango wa pili haujabishwa. Usisubiri wa ardhi uishe ndo uende BRELA, upande wa ardhi una foleni yake na faili likipotea limepotea. Peleka yote pamoja.

Upande wa ardhi huko kuna mawili ya haraka. Sechi, yaani kupekua rejista uone mali ni ya nani na ina nini juu yake, ifanye mwanzo kabisa halafu uirudie karibu na siku ya kutoa hela, sechi ya wiki sita zilizopita inakwambia habari za wiki sita zilizopita, katikati hapo mtu anaweza kuwa ameweka zuio. Na kodi ya pango la ardhi iwe imelipwa, risiti iwe kwenye faili. La pili ni mwenza. Nyumba ya familia haiwekwi rehani bila ridhaa ya mke au mume, Sheria ya Ardhi Sura 113 iko wazi na mahakama zetu zimejaa hizo kesi. Kama anasema hajaoa, ale kiapo. Kama ana wake wawili, uliza nani anaishi kwenye hiyo nyumba, na uliza kwa heshima lakini uliza. "Mzee samahani, hapa Mbagala anaishi mama mkubwa au mama mdogo?" Nimeshauliza hivyo, mzee akacheka, akasema "wote wawili, gorofani na chini". Tukapata saini mbili.

Topu apu nayo, yaani kumwongezea mteja mkopo juu ya ule alionao. Debencha inasema inalinda milioni 80, mteja amelipa vizuri, mmempandisha mpaka 120 kwa barua ya ukurasa mmoja. Ile 40 ya juu imeshikiliwa na nini? Hati ifanyiwe marekebisho, nayo isajiliwe, na hesabu ya siku inaanza upya kwa hayo marekebisho. Mikopo ya kuongeza ndo inayosahaulika kwasababu kila mtu anaona "huyu si wetu".

Ukishaingiza usiende kulala. Ingia kwenye mfumo kila baada ya siku mbili uangalie kama maombi yamepita au yamerudishwa, na yakirudishwa usidhani saa imesimama, chukulia inatembea. Cheti kikitoka kisome. Namaanisha kisome chote, jina, namba, tarehe, kiasi, halafu fanya sechi ya hiyo kampuni kama mtu wa nje uone mkopeshaji mwingine akitafuta atakuona. Kama yeye hakuoni, hupo.

Na ikiharibika, umegundua leo ni siku ya 45? Usiguse tarehe. Kuna mtu atakuja na wazo la kuchapa upya ukurasa wa saini na kuweka tarehe mpya kimyakimya, mwambie hapana, hiyo ni kughushi na utaenda nayo peke yako. Mwambie bosi siku hiyo hiyo na wakili siku hiyo hiyo. Njia zilizopo ni kwenda mahakamani kuomba kuongezewa muda mkieleza sababu ya kuchelewa, au kukaa na mteja mkaweka dhamana mpya kabisa yenye tarehe yake ya kweli na kuisajili mara moja. Zote mbili zinakuwa rahisi kampuni ikiwa bado mzima na hakuna mdai mwingine mlangoni, ndo maana kuficha wiki mbili kwa aibu ni kosa kubwa kuliko lile la kwanza.

Nilisema mabenki makubwa yanakosea. Kisa chenyewe ni cha Marekani. Kule wana fomu inaitwa UCC-1, mkopeshaji anaisajili na inadumu miaka 5, akitaka iendelee inabidi aihuishe ndani ya miezi 6 ya mwisho. Mwaka 2008 General Motors walikuwa wanamaliza deni moja la kama dola milioni 300 ambalo JPMorgan ndo alikuwa wakala wake, mawakili wakaandaa makaratasi ya kufuta usajili wa hilo deni. Kwenye orodha ikaingia namba moja zaidi, ya mkopo mwingine kabisa wa dola bilioni 1.5. Orodha ikapita kwa mawakili wa pande zote mbili, ikapita kwa benki, wote wakasema sawa, ikafutwa. Juni 2009 General Motors wakaomba ulinzi wa ufilisi na ndo kosa likaonekana. Kesi ikaenda mpaka mahakama ya rufaa New York, na Januari 2015 ikaamuliwa kwamba kufuta kule kulikuwa halali, kwasababu benki iliyaruhusu yale makaratasi kuwasilishwa, hata kama haikukusudia. Namba moja tu, kwenye orodha ya namba tatu.

Kwahiyo kufuta nako tunasoma kwa sauti. Mteja akimaliza tunatoa faili, tunasoma namba ya chaji inayofutwa kinyumenyume, tunaangalia kama ana mkopo mwingine unaoegemea dhamana ile ile, ndo tunasaini. Na tunafanya haraka, maana mtu aliyemaliza deni lake halafu akienda kukopa kwingine anakutwa bado amefungwa na nyie, hiyo ni dhuluma hata kama hamkukusudia.

Yule mzee wa Kariakoo alimaliza mwaka juzi. Alikuja mwenyewe ofisini, amevaa suti, hakutaka kumtuma kijana. Nikampa fomu ya kufutia chaji asaini, akatoa miwani, akaisoma yote, akanitazama.

"Na hii nayo ina siku ngapi?"

"Mzee we saini tu leo leo, usiondoke nayo."

Akasaini akiwa amesimama.